Mhariri, kutu kwenye miguu ya gari haitaki ubabe

Ndugu mhariri, habari za kazi.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu kile kipande kifupi mlichotoa kwenye safu ya magari, kile cha kufungua bolti zilizoshika kutu chini ya gari. Mlisema mtu apulize dawa ya kutu, asubiri dakika kumi, achomeke bomba kwenye spana avute kwa nguvu, basi, kazi imeisha. Mimi kazi yangu ndo hiyo ya miguu ya gari, yani vyuma vinavyoshika matairi: bushi (viungo vya raba), shokapu, boljointi (kiungo cha duara kinachogeuka), tairodi (fimbo ya usukani), kila siku niko chini ya gari la mtu, na nasema kwa moyo mweupe kabisa ushauri ule utawakatia watu bolti na wengine utawaumiza. Bomba lina kazi yake na dawa ina kazi yake, ila kuna swali hamkumpa msomaji nalo ndo la kwanza kabisa kabla hata hajashika spana: hii kutu imeshika wapi?

Manake chini ya gari kutu inashika sehemu tatu tofauti na kila moja ina njia yake. Kuna ile iliyoshika kwenye thredi, kati ya nati na bolti. Kuna iliyoshika kati ya mwili wa bolti na silivu, kile kimrija cha chuma kilicho katikati ya bushi. Halafu kuna ya kwenye koni, lile shina lililochongoka, la boljointi au tairodi. Mtu asiyejua yuko kwenye ipi atapiga tu nyundo popote, atapuliza dawa popote, mwisho wa siku bolti imekatika, bushi imechanika, yeye amekaa chini ameshika kichwa.

Nianze na kutu yenyewe inavyofanya kazi maana hapa watu wengi wanaichukulia juu juu. Chuma kikikutana na maji na hewa kinaliwa, na kama kuna chumvi kinaliwa haraka zaidi, ndio maana magari ya kando ya bahari na ya nchi wanazomwaga chumvi barabarani wakati wa barafu yanaoza chini mapema kuliko mengine. Sasa kile kinachobaki, yani ile kutu, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili mpaka mara sita kutegemea ni kutu ya aina gani. Kwa hiyo ikizaliwa ndani ya upenyo mwembamba kama ule wa bolti na silivu haina pa kwenda, inabana pande zote mbili kama kabari. Bolti haijagandishwa na gundi pale, imebanwa. Na kitu kilichobanwa kinataka kuachiwa, kinataka mtikisiko, joto, njia ya dawa kuingia. Ukikivuta tu kwa nguvu upande mmoja unaongeza balaa.

Tuje kwenye thredi, huko ndo kwepesi kidogo. Kabla ya dawa chukua brashi ya waya usugue thredi zote zinazoonekana nje ya nati mpaka chuma kionekane, kwa sababu nati ikianza kutoka itapita hapohapo juu ya ule uchafu na kama hujautoa nati itajaa kutu ya mbele yake igome tena katikati ya safari, na ikigoma katikati ni mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ukishasugua ndo upulize. Dawa ya kutu haiyeyushi kutu kama watu wanavyodhani, kazi yake ni kupenya kwenye nyufa nyembamba na kulainisha, na kupenya kunataka muda. Dakika kumi ni chache mno kwa bolti iliyokaa miaka chini ya gari. Puliza jioni, rudia asubuhi, na kila ukipuliza gonga kichwa cha bolti kwa nyundo vipigo vifupi vifupi vya kiasi, ile mitikisiko ndo inafungua nyufa dawa ipite. Angalia tu dawa isirukie diski na pedi za breki, zikilowa oili breki hazishiki, na usiloweshe raba za bushi ambazo unataka zibaki maana oili inazivimbisha.

Nimeona pia mmeandika WD-40, ile dawa ya kopo, kana kwamba ndo mwisho wa mambo. WD-40 ni nzuri, ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji yasikae kwenye chuma, na kwa kutu nyepesi inasaidia, lakini kwa bolti ya miguu ya gari iliyoshika kwelikweli tafuta dawa iliyotengenezwa makusudi kwa kupenya kutu. Mafundi wengi wanachanganya oili ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu na inapenya vizuri sana, ila mchanganyiko huo unajitenga lazima utikise kila unapotumia, na asetoni inashika moto upesi mno na inakula rangi, kwa hiyo mtu asije akapuliza hiyo halafu akawasha gesi papo hapo.

Spana sasa. Tumia soketi ya pembe sita, hizi za pembe kumi na mbili zinashika kona tu za nati na nati iliyoliwa na kutu haina kona tena, itazunguka tupu na kona zilike nati iwe duara. Sukuma soketi iingie mpaka mwisho, kama haiingii kwa sababu ya kutu sugua kwanza au igonge iingie. Kisha, na hili watu wanalikataa mpaka walione, jaribu kwanza kukaza kidogo. Kidogo tu, ule mguso wa kuvunja kutu. Ikisogea hata unywele, geuza ufungue robo, rudisha, puliza, fungua nusu, rudisha. Ukiona inaanza kuwa nzito usiendelee mbele, rudi nyuma, ongeza dawa. Kazi hii inachosha, inachukua muda, lakini bolti inatoka nzima.

Na hili bomba. Hesabu yake ni rahisi. Bolti ya milimita 12 yenye alama ya ugumu ya 8.8 kichwani kwa kawaida inakazwa kwa niutonmita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 80 au 90 hivi. Mtu akibonyeza kwa uzito wa kilo 50 kwenye spana ya nusu mita tayari anatoa karibu 250. Akichomeka bomba urefu ukawa mita nzima inafika karibu 500. Nguvu hiyo bolti ya saizi ile haiiwezi hata ikiwa mpya, sembuse iliyoliwa mpaka ikakonda shingo. Bomba ni sawa kwenye nati kubwa ya ekseli, huko imekazwa kwa nguvu nyingi tangu mwanzo. Kwenye bolti za ami, ile mikono ya chuma inayobeba tairi, na za shokapu, ukishaona unahitaji bomba, simama kwanza ujiulize kutu iko wapi. Mashine ya upepo ya kufungulia nati kwa kweli ina faida kuliko bomba kwa sababu inapiga piga, inatikisa, ila nayo ianze pole pole, sio mtu anaminya mpaka mwisho kwa mara ya kwanza.

Sasa nije kwenye silivu, na hapa ndo nataka wasomaji wenu waweke akili yote, kwa sababu ndo sehemu inayotesa watu na kipande chenu hakikuigusa kabisa.

Bushi ya ami imejengwa hivi. Nje kuna kimrija cha chuma kilichopigwa kikaingia kwenye ami. Katikati kuna raba. Ndani ya raba kuna kimrija kingine chembamba, hiyo ndo silivu, na bolti inapita ndani yake. Ukikaza bolti, masikio mawili ya sabfremu au chesi, yani fremu za chini ya gari, yanaibana silivu pande zote mbili isizunguke, ami ikipanda na kushuka raba ndo inajikunja. Kati ya bolti na silivu kuna upenyo mdogo sana, maji yanaingia humo hayatoki, yanakaa miaka. Kutu ya humo ndani huioni. Unafungua nati, nati inatoka vizuri kabisa kama mpya, unafurahi, unasema leo mambo mepesi, halafu unagonga bolti itoke na bolti haitikisiki hata kidogo.

Namna ya kuijua ni kwa mkono. Weka spana kwenye kichwa cha bolti uzungushe. Kama kutu ni ya kwenye thredi unasikia ugumu mkavu, haiendi, halafu ghafla inaachia na mlio wa kukatika. Kama kutu ni ya kwenye silivu inazunguka kidogo, inakuwa nzito taratibu, na ukiachia spana inarudi yenyewe nyuma kama mtu anaivuta upande wa pili. Ile ni raba inajikunja na kujikunjua, bolti na silivu vimekuwa kitu kimoja. Tazama pia bushi kwa tochi wakati mwenzako anazungusha, utaiona silivu inazunguka pamoja na bolti. Ukishaona hivyo acha kabisa kuvuta, kwa sababu unachofanya ni kuchana raba, na ukija kuchana raba yote bolti itazunguka bure na silivu yake siku nzima bila kutoka.

Sasa hapo ufanyeje? Kama ile ami au ile bushi unabadilisha, na mara nyingi ndo sababu umelala chini ya gari, basi usipoteze siku. Kata. Tumia msumeno wa umeme wenye bapa la kukatia chuma au grenda ikifika, upite kati ya bushi na sikio la chesi, upande huu na upande ule, ami inashuka na kipande cha bolti kikiwa bado ndani ya bushi. Hakuna aibu hapo. Mafundi wengi wanaona kukata ni kushindwa kazi, mimi nasema kukata kwa mpango mapema ni kazi safi kuliko kugonga saa nzima mpaka sikio la chesi limepinda na gari halikubali tena kupigwa alaimenti, yani kunyooshwa matairi.

Ila kabla ya kukata angalia nati iko wapi. Kuna magari mengi ambayo upande wa pili hakuna nati unayoiona, bolti inaingia kwenye nati iliyochomelewa ndani ya chesi au ndani ya boksi la sabfremu. Nati hiyo ikiachia ulehemu wake ikaanza kuzunguka humo ndani au bolti ikakatika ndani yake, kazi ya saa moja imegeuka kazi ya kutoboa chesi dirisha ufikie nati kisha uchomelee tena. Kwa hiyo bolti za namna hiyo ndo za kubembeleza kuliko zote, dawa ya siku mbili tatu, na kama kuna tundu la nyuma kwenye boksi ingiza mrija wa dawa upulize kutokea ndani, sio kwenye kichwa cha bolti ambako haifiki popote. Na kama bolti ni ya kamu, zile zenye washa ya duara iliyokaa upande za kurekebishia tairi, weka alama kwa tindo au rangi ilipokuwa imekaa kabla hujagusa, ukirudisha gari liweze angalau kutembea mpaka kwenye alaimenti.

Joto. Joto ndo dawa kubwa kuliko zote na ndo hatari kuliko zote. Chuma kikipata moto kinatanuka, tundu la nati la milimita 14 ukilipandisha joto kwa nyuzijoto 500 linapanuka chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa unywele hivi, na kwa kutu iliyobana huo unywele unatosha kabisa. Siri ni kupasha kile cha nje, nati, sio bolti. Ukipasha vyote kwa pamoja vyote vinatanuka pamoja na hujapata kitu. Pasha nati haraka mpaka ifikie wekundu uliofifia wakati bolti bado haijashika joto, jaribu kuizungusha, kama bado acha ipoe, kule kutanuka na kusinyaa kwenyewe kunavunja kutu, kisha rudia. Wengine wakati nati bado ina joto la wastani wanagusisha mshumaa pale thredi inapoanza, nta inayeyuka inanyonywa ndani, na ni njia nzuri sana hiyo. Kama ile bolti unataka kuirudisha, usiirudishe. Bolti iliyofika wekundu imepoteza ugumu wake, hiyo ni ya kutupa.

Lakini mhariri, kwenye joto andikeni makatazo kwa herufi kubwa. Shokapu usiiguse kwa moto, ndani kuna oili na mara nyingi gesi iliyoshindiliwa, na imefungwa pande zote, ikipata moto inaweza kupasuka ikarusha vyuma. Springi usiipashe, inapoteza ugumu wake inaweza kulala au kukatika mbele ya safari. Nako, kile chuma kinachobeba tairi, ikiwa ya alumini usiipashe kwa gesi, alumini haionyeshi wekundu kabla ya kuyeyuka, inapoteza nguvu kimya kimya, na ile ndo imeshika tairi. Waya wa sensa ya ABS, ule wa breki, toa kwanza. Mpira wa breki na bomba la mafuta yasiwe karibu, kama yapo karibu hiyo sio sehemu ya gesi, tumia mashine ya koili ya umeme inayopasha nati peke yake bila mwako. Bushi ya raba ikipata moto inawaka yenyewe na moshi wake ni mbaya, uwe na maji na kizima moto pembeni na usiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Bolti nyeupe zenye zinki nazo moshi wake unaleta homa. Halafu kuna hili wengi hawalijui kabisa: dawa ya kusafishia breki yenye klorini ikikutana na moto au na cheche za kuchomelea inatoa gesi ya fosjini, gesi ileile iliyoua askari kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Soma kopo. Na hata isiyo na klorini inawaka kama petroli. Umesafisha kwa hiyo dawa, usipashe hapo mpaka pamekauka kabisa.

Koni ya boljointi nitaipitia haraka kwa sababu njia yake ni moja tu. Pale shina la boljointi limeingia kwenye tundu la koni, limejivuta lenyewe kwa nati, na kutu imelifungia. Dawa haisaidii sana kwa sababu hakuna upenyo. Watu wanapiga chini ya shina na nyundo, thredi zinavimba kama uyoga, nati hairudi tena, na koni bado iko palepale. Unatakiwa kupiga ubavu wa jicho la nako, lile chuma linalozunguka shina, pigo moja moja zito la kukusudia, na upande wa pili ushikilie nyundo nyingine nzito au chuma kizito kama kuna mtu wa kusaidia. Jicho linajiminya kidogo sana linakuwa yai kwa sekunde ile, koni inaachia, ami inadondoka na mlio mmoja. Kama nako ni alumini weka nyundo pembeni, tumia pula ya boljointi, kifaa cha kuisukuma itoke, kaza pula mpaka iwe nzito ndo ugonge pula kidogo. Ule uma wa kabari unafungua haraka ila unachana raba ya grisi, kwa hiyo ni kwa boljointi inayokwenda kutupwa tu. Na nati usiitoe yote, iache imeshika thredi chache, ami ikiachia isikurukie.

Ile kurukia sio maneno ya kutishana. Kwenye magari ambayo springi imekalia ami ya chini, boljointi ndo inayoizuia ile springi isitoke. Kabla hujaigusa weka jeki chini ya ami uibebe, ndo ufungue, ndo ushushe pole pole. Springi ya kwenye gari imebeba mamia ya kilo, ikitoka bila kushikwa inavunja mtu. Na gari lenyewe likae kwenye stendi, pande zote mbili, matairi ya upande mwingine yamewekewa vizuizi, kisha usukume gari kwa mkono uone kama linacheza kabla hujaingia chini. Jeki peke yake hapana. Huwezi kuvuta spana yenye nguvu ya niutonmita mia mbili ukiwa chini ya gari lililokalia jeki, unalivuta likuangukie. Miwani ya macho pia, kutu ukiilalia chini yake unaipokea yote usoni, na grenda ndo usiseme.

Linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachounganisha mguu na chuma cha kuzuia gari lisilale upande, sina haja ya kusema mengi. Nati ikizunguka na shina lake, shika shina kwa ufunguo wa Allen kule mwishoni, kile kitobo kisafishe kwanza kwa msumari utoe uchafu ufunguo uingie mpaka chini, na kama kitobo kimelika kata linki, ni kitu cha kubadilisha kile. Hivyohivyo nati ya juu ya shokapu, shika shina kwa sehemu yake ya kushikia, usilishike kwa koleo kwenye ile sehemu inayong'aa maana ukiikwaruza itakata sili na oili itatoka wiki ya kwanza. Kwenye tairodi angalia thredi inakwenda upande gani kabla ya kuvuta, kuna magari upande mmoja thredi ni ya kushoto na mtu anakaza nusu saa akidhani anafungua.

Bolti ikikatika tayari, na kipande kimebaki kinachungulia, chukua nati kubwa kidogo uivalishe juu ya kile kipande uchomelee ndani ya tundu la nati. Ule ulehemu unafanya kazi mbili kwa mpigo, unakupa kichwa kipya cha kushikia na joto lake linaingia moja kwa moja ndani ya bolti, ikipoa inasinyaa inaachia kutu. Ngoja ipoe mpaka wekundu upotee, kisha zungusha kwenda na kurudi. Kabla ya kuchomelea toa waya wa betri, na hizo dawa za breki nilizosema ziwe mbali. Kutoboa kwa drili na kuingiza kile kichomoleo kigumu ni njia ya mwisho kabisa, kwa sababu kile chuma ni kigumu mno na kikikatika ndani hata drili haikili.

Kitu kingine ambacho hamkuandika ni kufunga, na kufunga ndo kunaamua kama mtu atakayefungua baadae, huenda ni wewe mwenyewe, atateseka. Usirudishe bolti iliyoliwa. Nunua yenye alama ileile kichwani, 8.8 au 10.9, ile namba inakuambia ugumu wa chuma, usiweke bolti laini isiyo na alama kwa sababu tu inaingia. Nati zenye pete ya nailoni ndani ni za kufunga mara moja. Safisha tundu na silivu, kisha mwili wa bolti, ile sehemu isiyo na thredi inayopita ndani ya silivu, upake grisi ya kuzuia kushikana, zile za shaba au za aluminiamu. Kwenye thredi usipake ovyo kama kitabu cha gari hakijasema, thredi yenye grisi inakazika kupita kiasi kwa nguvu ileile ya spana. Na kwenye koni ya boljointi usipake kitu kabisa, koni inashika kwa ukavu na usafi wake.

Halafu bushi za raba, bolti zake usizikaze wakati ami inaning'inia hewani. Zishike tu kwa mkono, shusha gari likae kwenye matairi yake au beba ami kwa jeki mpaka ifike pale inapokaa siku zote, ndo ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukikaza ikiwa inaning'inia raba inabaki imejikunja muda wote gari linapotembea na bushi mpya inachanika mapema, mwenye gari anarudi kulaumu duka la spea kumbe bushi haikuwa na kosa lolote.

Na wenye magari nao wasikie. Fundi akikuambia acha gari lilale nipulize dawa, mwachie. Akikuambia bolti hizi mbili zinaweza kukatika tununue za akiba kabisa, huyo amekuheshimu, amekuambia kabla hujaingia gharama usiyoijua. Fundi mzuri wa miguu anaangalia kutu kwanza kwa tochi anakutajia zipi zitasumbua ndo mnapatana, sio anapatana ya saa moja halafu anakupigia simu jioni kwamba nati ya ndani imezunguka. Muulizeni swali hilo mapema, bolti zipi unaziogopa na kwa nini, jibu lake litakuonyesha kama anajua anachoenda kugusa.

Ombi langu kwako mhariri ni moja. Mkirudia mada hii, na naomba mrudie, chapeni mchoro wa bushi iliyokatwa katikati, uonyeshe bolti, silivu, raba na ami, na mshale pale kati ya bolti na silivu ambako maji yanakaa. Maelezo nimeshawapa humu, mchoraji wenu hatopata shida.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa miguu ya gari